Nyasi Kwenye Gole

Jumamosi asubuhi kuku hakushuka kwenye kijiti chake. Rosaire Ouellette alifungua banda kama kawaida, akamwaga chakula, akagonga bakuli kwa kijiko. Siku nyingine kishindo hicho kingemleta kuku mbio hadi amkanyage miguu. Leo alimtazama kwa jicho moja, kisha akalifumba. Manyoya yalikuwa yamefura, mkia umeshuka, na kilemba chake chekundu kilikuwa kimepauka kama nyama iliyochemshwa.

"Kulikoni, mama?" Rosaire akamwuliza.

Alimbeba, akamweka chini mbele ya chakula. Kuku akasimama palepale alipowekwa, kama kiti. Rosaire akageuka kulitazama dirisha la jikoni, maana kuku huyu hakuwa wake. Alikuwa wa mama mkwe wake.

Bi Alphonsine Caron, miaka themanini na minne, alihamia kwao msimu uliopita wa majani kupukutika, baada ya shamba lake la juu ya mto kuuzwa. Alikuja na begi moja, chungu chake cha maharage, na kuku wanne. Hakuomba ruhusa ya kuja nao. Alishuka garini akiwa na kizimba mapajani, akauliza banda liko wapi, na kwa kuwa halikuwapo, Rosaire alilijenga siku hiyohiyo mpaka jioni huku bibi akimsimamia kwa fimbo. Mmoja wa kuku hao alichukuliwa na mbweha kwenye theluji, wawili walikufa kwa uzee. Akabaki huyu mwekundu. Wanyama wengine wote wa shamba lile, ng'ombe thelathini na kitu pamoja na farasi mmoja kipofu, walikuwa wameuzwa na kwenda na watu. Hakuna aliyelisema jambo hilo nyumbani mule, lakini kila mtu alijua kwamba kuku huyu ndiye shamba lililobaki.

Rosaire aliingia jikoni polepole. Kwetu Maine, jimbo hili la baridi, hasa sisi tuliotoka kwa wale waliovuka mpaka wa kaskazini kuja kufanya kazi viwandani, Jumamosi ni siku ya maharage, na mkewe Jeannine alikuwa tayari anayamimina chunguni juu ya kipande cha mafuta ya nguruwe. Bi Alphonsine alikaa mezani na kahawa yake. Miguuni alivaa sapatu zake za ngozi, ya kulia imefunguka kidoleni na kuzungushiwa utepe wa kijivu, ule wa gundi wanaozibia mabomba.

Utepe ule ulimkera Rosaire kila siku aliyouona. Yeye alikuwa mshona viatu. Miaka thelathini na mitatu alikaa kwenye benchi la kiwanda cha viatu akishona ngozi kwa mkono, hadi kiwanda kilipofungwa, na sasa anafagia shule. Siku ya kwanza bibi alipofika alizitambua sapatu zile: mshono ni wa kiwandani kwao, tena wa safu yao ya mabenchi. Akajitolea kuzishona. Bibi akasema, "Zinatosha," akaomba utepe. Basi Rosaire hakuuliza tena. Na yeye ana ukaidi wake.

"Jeannine," akanong'ona, "njoo chini kidogo."

"Mnanong'ona nini?" akauliza Bi Alphonsine bila kugeuka.

"Hakuna, Mama. Bomba linavuja."

"Utepe uko pale," akasema bibi.

* * *

Katika chumba cha chini ya nyumba, Jeannine alimgeuza kuku huku na huku kwa ujuzi wa mtu aliyetoroka shamba akiwa na miaka kumi na tisa, akaapa kutogusa tena kuku mwenye manyoya.

"Yai limekwama," akasema. "Ona alivyosimama. Mimi mwenyewe nilisimama hivyo nikiwa na mimba ya Denise."

"Una uhakika?"

"Sina. Una wazo bora?"

Wakajaza beseni la kufulia maji ya vuguvugu, wakatia chumvi, wakamkalisha kuku ndani hadi kifuani. Kuku, aliyekuwa hajaoga tangu kuanguliwa, hakupinga hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Rosaire hofu zaidi. Walimwacha humo dakika ishirini. Yai halikutoka. Wakamfunga taulo, na Jeannine akaleta mashine yake ya kukaushia nywele.

Sauti ya bibi ikashuka kwenye ngazi. "Nani anakausha nywele huko chini?"

"Rosaire, Mama!" Jeannine akajibu bila kufikiri.

Bibi akauliza tena: "Zipi?"

Jeannine akaziba mdomo kwa taulo la kuku, akacheka hadi machozi. Rosaire akajishika upara. Akacheka na yeye, ingawa mkononi alihisi kuku amekuwa mwepesi mno.

"Tumwambie," akasema.

"Umwambie wewe. Unajua atasema nini. Kwetu kuku akikohoa asubuhi, jioni yumo kwenye supu. Atakuambia ulete shoka, kwa sababu ndivyo anavyojua kusema, na wewe utalileta, kisha atakaa dirishani mpaka afe. Namjua mama yangu. Piga simu kwa daktari wa wanyama."

Alipiga akiwa amesimama nyuma ya gari, mbali na dirisha la bibi.

"Hospitali ya wanyama, nikusaidie nini?" Ilikuwa sauti ya binti mdogo.

"Nina mgonjwa."

"Mbwa au paka?"

"Kuku."

Ikasikika pumzi ya mtu anayezuia kicheko. "Samahani, baba. Ni kuku wa kupendwa nyumbani au wa kuliwa? Mashine inaniuliza."

Rosaire akalifikiria swali hilo kwa haki. "Ni wa mama mkwe wangu."

"Basi nitaandika wa kupendwa. Anaitwa nani?"

"Bi Alphonsine."

"Jina zuri kwa kuku."

"Huyo ni mama mkwe! Kuku hana jina. Andika tu Kuku."

"Haya. Kuku Ouellette." Sasa alicheka wazi, na mtu mwingine kule ofisini akacheka pia. Kisha, kwa upole, akamweleza kwamba daktari wao hatibu ndege. Anayetibu yuko mjini, mwendo wa saa mbili, nafasi ni Alhamisi ya wiki ijayo, na kumtazama tu ni dola mia na themanini.

"Kumtazama tu?"

"Kumtazama tu, baba."

Rosaire akashukuru, akakata simu. Dola zile zilizidi mshahara wake wa siku nzima. Hata hivyo hakuwaza fedha sana. Alisimama akitazama uwanja wake wa nyasi uliokatwa vizuri, akasikia kitu kinamchoma moyoni, na hakujua bado ni nini.

* * *

Siku mbili ukweli ulifichwa, kama tunavyoficha mambo kwenye nyumba yenye kuta nyembamba za mbao. Jumatatu Rosaire aliporudi kutoka shuleni alimkuta Bi Alphonsine amekaa kwenye ngazi ya mwisho ya chumba cha chini. Kushuka ngazi zile kumi na mbili amekatazwa na daktari, na binti yake, na mapadri wawili. Kuku alikuwa mapajani mwake. Fimbo ilikuwa imeegemea ukutani.

"Bomba limeacha kuvuja?" akauliza.

Rosaire akavua kofia. Jeannine aliyekuwa anamfuata akasimama juu ya ngazi, begi la kazini bado begani.

"Mnadhani sihesabu mayai? Siku nne hakuna yai. Njoo hapa, mkwe. Lete mkono." Alimshika kidole, akakipeleka chini ya shingo ya kuku, upande wa kulia wa kifua. Macho ya bibi yalikuwa na ukungu siku nyingi. Mikono yake ilitetemeka, lakini ilipogusa manyoya ilitulia. "Unasikia nini?"

"Donge. Kama unga uliokandwa."

"Hilo ni gole. Ndimo kuku anamoweka anachomeza kabla hakijashuka. Usiku linashuka lote, asubuhi gole ni tupu. Ukiamka likiwa limejaa, njia imeziba. Huyu hana yai wala mafua. Huyu anakufa njaa na chakula kikiwa shingoni." Akageuza uso. "Alikula nini?"

Hapo Rosaire akakijua kile kilichokuwa kinamchoma.

Wiki iliyopita halmashauri ya mji ilimtumia kijana mwenye rula. Kijana alipima nyasi za uwanjani, akaandika, akabandika barua ya rangi ya machungwa mlangoni ili mtaa mzima uisome: nyasi zimezidi inchi kumi, mwenye nyumba ana siku tatu za kuzikata. Rosaire, ambaye mgongo wake ulimuuma tangu majira ya baridi, aliibandua barua ile kwa kucha huku jirani akijifanya anamwagilia maua. Alhamisi akazikata zote. Zilikuwa ndefu, mbichi, zinanukia vizuri. Akachukua fungu kubwa kwa mikono miwili, akalitupa bandani.

"Nyasi," akasema. "Nilizikata nikampa. Nilidhani nampa zawadi."

"Ndefu?"

Akaonyesha kwa mikono, kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko.

"Ebo!" Bi Alphonsine akafumba macho. "Mtu wa mjini jamani. Sikiliza. Nyasi ikiwa ardhini, kuku anaivuta, mizizi inaishika, inakatika kidogo kidogo. Ya kwako hakuna wa kuishika. Anameza kamba nzima. Humo ndani zimejisuka."

"Mimi ndiye niliyemuua, Mama."

"Hajafa. Usimzike na mimi nimempakata."

"Shambani mngefanyaje?" aliuliza Rosaire, ingawa alijua.

"Shoka na sufuria. Kitunguu kama kipo."

Jeannine juu ya ngazi alishika ukuta. Rosaire alitazama shoka lililoning'inia kwenye msumari karibu na mlango, akaona aibu kubwa, aibu ya kumharibia mtu kitu chake cha mwisho kwa ukarimu wa kijinga. Akamsubiri bibi aseme neno la kulileta. Bibi hakulisema. Alikuwa anamkanda kuku gole kwa vidole viwili, polepole, na ilikuwa wazi kwa kila mwenye macho kwamba hakuwa na nia ya kumwachia mtu yeyote.

"Jeannine," akasema hatimaye, "utabaki umesimama hapo kama mnara wa kanisa? Lete mafuta ya kula."

* * *

Walimpa mafuta, kijiko kimoja kidogo, wakamkanda gole kila saa hadi wakati wa kulala, na asubuhi tena kabla ya kazi. Jumanne jioni donge lilikuwa lilelile, na kuku alikuwa hainui tena kichwa.

"Basi tunapasua," akasema Bi Alphonsine.

"Tunapasua nini?" Jeannine akashtuka.

"Kuku, mwanangu. Mama yangu alifanya mara tatu, mimi mara mbili. Kwa kuku anayetaga sana tu, wengine hawakustahili uzi. Unatoboa, unatoa, unaosha, unashona. Kushona ndiyo kazi." Akainua mikono yake mbele ya taa, akaitazama inavyotetemeka, akaishusha mapajani. Alitazama dirishani, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuona isipokuwa uwanja wenye nyasi fupi. "Si unashona wewe?" akasema.

Miaka thelathini na sita Rosaire alikuwa mkwe wake. Siku ya harusi, kwenye ukumbi wa parokia, alimsikia kwa masikio yake akimwambia dada yake kwamba Jeannine amekataa mtu mwenye ng'ombe sitini akaolewa na mwanamume anayeshika sindano. Tangu hapo kazi yake haikutajwa tena.

"Nashona ngozi," akajibu.

"Na hii ni nini, karatasi?"

Alikwenda kuleta mfuko wake wa turubai uliokaa kabatini miaka sita. Akatoa sindano nyembamba kuliko zote na uzi. Bibi akaupapasa uzi. "Huu una nta. Nje sawa, ndani hapana. Ndani tia uzi wa pamba, uuchemshe."

Meza ya jikoni ikapanguswa, ikatandikwa taulo safi. Vyote vikachemshwa. Rosaire akanawa hadi viwiko. Jeannine alimfunga kuku kwenye foronya, akamfunika kichwa kwa soksi, na kuku akalala kimya kama mwenye kujua. Bibi akavuta kiti chake hadi karibu kabisa, akaweka kidole kwenye gole.

"Ng'oa manyoya hapa. Zaidi kidogo. Pakaa pombe kali, pawe safi. Sasa kata ngozi, urefu wa ukucha. Usiogope, bwana, kuku haogopi. Vizuri. Chini yake kuna ngozi nyingine, nyembamba, hilo ndilo gole lenyewe. Kata, lakini usikate palepale. Sogea pembeni kidogo, matundu yasikae mahali pamoja."

Harufu iliyotoka ilimfanya Jeannine ageuze uso. "Yesu na Maria!"

"Shika kuku, uache kusali," mama yake akasema.

Rosaire akaingiza kibano, akavuta. Ukatoka unyasi mmoja mrefu, ukafuatwa na wa pili, kisha ukaja msuko mzima, kijani kilichooza, akavuta na kuvuta mpaka zikafunika chini ya bakuli la supu. Nyasi zake mwenyewe. Akazitambua. Wakaosha gole kwa maji ya chumvi, mara mbili, mpaka yakatoka safi.

"Sasa," akasema bibi, "gole kwanza, peke yake. Kisha ngozi, peke yake. Ukizishona pamoja zinashikana, na umempoteza."

Rosaire akavaa miwani. Mikono yake, ambayo kwa miaka sita haikushika kitu isipokuwa ufagio, ilikumbuka kila kitu. Akapiga mshono wa kwanza, wa pili.

"Vuta," akasema bibi.

"Hapana, Mama," akasema Rosaire bila kuinua macho. "Ngozi mbichi ukiivuta sana inachanika kwenye uzi. Unaiacha ikutane tu."

Jeannine akainua kichwa. Hakuwahi kumsikia mtu akimwambia mama yake hapana juu ya kuku. Bi Alphonsine akaegemeza kiwiko mezani. Akainama hadi pua yake ikakaribia meza, akajaribu kuona kwa macho yale yenye ukungu, akashindwa, basi akapitisha ncha ya kidole juu ya mshono, taratibu sana. Alirudia mara mbili.

"Iache ikutane," akasema.

* * *

Kuku Ouellette alilala siku nne kwenye sanduku jikoni, karibu na jiko, kwa kuwa bibi alitangaza kwamba hatashuka ngazi tena na hivyo mgonjwa ndiye apande. Siku ya kwanza alipewa maji tu. Siku ya pili alipewa kiini cha yai kilichopondwa na maziwa.

"Kuku anakula yai," akasema Jeannine. "Haya ni mambo gani?"

"Ni lake," akasema Rosaire. "Anajirudishia."

Alimwita kwa jina lake la hospitali, na jina likamganda. Bi Alphonsine alisema kuku hapewi jina, ni ujinga, kesho utamlaje. Alhamisi asubuhi, akidhani wote wameshaondoka kwenda kazini, akasema jikoni, "Amka, Ouellette, tule." Rosaire alikuwa bado barazani anafunga kamba za viatu. Alitembea hadi shuleni bila kuhisi mgongo.

Jumamosi alfajiri alimshika kuku, akapapasa chini ya shingo. Gole lilikuwa tupu, laini, na mshono umekauka kama mstari wa kalamu. Akamtoa nje, akamwaga chakula, akagonga bakuli. Kuku akamkanyaga miguu yote miwili. Rosaire akasimama pale uwanjani na kijiko mkononi, mtu wa miaka sitini na moja, akifuta macho kwa mkono wa koti, wala hakujali jirani aliyekuwa anamwagilia maua yake.

Alipoingia, maharage yalikuwa yameshaingia ndani ya jiko lenye moto mdogo, na asali nyeusi ya miwa imeanza kunukia. Jeannine alikuwa anakata mkate. Bi Alphonsine alikaa mahali pake na kahawa yake.

"Amekula?" akauliza.

"Amekula, Mama. Na gole limeshuka."

"Mm." Akanywa kahawa. "Nyasi zako zinaota tena. Kijana wa rula atarudi."

"Nitazikata leo. Naenda kuzitupa kwa jirani."

Bibi akainama chini ya meza, akahangaika huko kwa muda, akipumua kwa nguvu. Jeannine akaweka kisu chini ili amsaidie, lakini tayari alikuwa ameinuka. Alikuwa ameshika sapatu yake ya kulia. Akaubandua utepe wa kijivu, ukatoka kwa mlio mrefu, akaukunja, akaweka sapatu mezani mbele ya Rosaire, kidole kikiwa wazi.

"Na hii je?" akasema. "Utaishona, au mpaka na mimi nimeze nyasi?"

Rosaire akaenda kabatini kuchukua mfuko wake.